Mwalimu Mmoja, Watoto wa Umri Mbalimbali

Tarehe 17 Machi mwaka 2020 Serikali ya Tanzania ilitoa amri shule zifungwe kwa sababu ya maradhi ya UVIKO-19, na watoto wakarudi nyumbani kwao. Wanafunzi wa kidato cha sita walirejea shuleni tarehe 1 Juni, na wenzao wa shule za msingi na sekondari tarehe 29 Juni. Basi kwa muda wa miezi mitatu na zaidi kila nyumba iligeuka kuwa shule, na kila mzazi akawa mwalimu, apende asipende. Ndivyo ilivyokuwa mijini, na ndivyo ilivyokuwa Chiwanda, kusini ya Mbamba Bay katika pwani ya Ziwa Nyasa, si mbali na mpaka wa Msumbiji.

Masomo yalitangazwa kwa redio na televisheni. Walakini redio husema na darasa moja kwa wakati mmoja, na nyumba ina madarasa mengi. Fikiri nyumba yenye watoto wanne: wa kwanza yu kidato cha pili, wa pili yu darasa la sita, wa tatu yu darasa la pili, na wa mwisho hajui hata kushika kalamu. Taa ni moja, meza ni moja, na mama ni mmoja, naye ana mihogo ya kumenya. Tena lugha si moja: masomo ya shule ya msingi ni ya Kiswahili, ya sekondari ni ya Kiingereza, na nyumbani watu huzungumza lugha ya mama. Akimwelekea mkubwa, wadogo hucheza. Akiwaelekea wadogo, mkubwa hukaa bure.

Wengi walidhani ya kuwa taabu hii ni mpya. Si mpya hata kidogo. Darasa lenye watoto wa umri mmoja tu, kila darasa na mwalimu wake na chumba chake, ndilo jambo jipya duniani. Watoto wa umri mbalimbali kufundishwa pamoja na mtu mmoja ndiyo desturi ya kale. Yatupasa basi tuwaulize wa kale walifanyaje, na tena tuulize swali ambalo watu husahau kuliuliza: walipofaulu, ni nani aliyelipa gharama?

Tuanze hapa ziwani. Kabla ya shule yoyote kujengwa, mtoto wa pwani hii alifundishwa na kazi. Mtoto mdogo kabisa alipewa kazi ya kufukuza kuku na ndege juu ya usipa walioanikwa. Aliyemzidi kidogo alifua maji mtumbwini. Aliyemzidi huyo alipiga kafi, na mkubwa wao alishika wavu pamoja na watu wazima. Hali kadhalika katika mihogo: mmoja alimenya, mmoja alichukua maji ya kuilowekea, mmoja alianika, mmoja alitwanga. Watoto wote walikuwa katika kazi moja, walakini kila mmoja alikuwa na ngazi yake, na kila ngazi ilimwandaa kwa ile iliyo juu yake. Afuaye maji humtazama apigaye kafi. Siku atakapopewa kafi, mikono yake imekwisha kujua nusu ya kazi. Ndiyo maana hapakuwa na haja ya kuwatenga watoto kwa umri.

Lakini kusoma na kuandika si kama kuvua. Mtoto wa darasa la pili akimtazama kaka yake akifanya hesabu za kidato cha pili, hajifunzi kitu kwa kutazama tu. Herufi zataka mtu wa kuzieleza, na mtu huyo ana kinywa kimoja. Hapo ndipo taabu yenyewe ilipoanzia.

Katika pwani ya bahari watu waliikabili taabu hii karne nyingi kabla yetu, ndani ya chuo cha Kurani. Mwalimu alikuwa mmoja, wanafunzi walikaa pamoja mkekani, huyu wa miaka mitano na yule wa miaka kumi na mitatu. Hawakuwa na somo moja. Kila mtoto alikuwa na ubao wake, na juu ya ubao lilikuwa somo lake mwenyewe: mmoja alikuwa katika alifu, mmoja katika juzuu ya Amma, mmoja alikaribia kuhitimu. Mwalimu alimsikiliza mmoja mmoja kwa zamu, na aliyekwisha kuendelea mbele aliwasomesha wanaoanza. Mgeni apitaye nje alisikia kelele tu, akadhani hapana utaratibu; kumbe kila sauti ilikuwa na mahali pake.

Katika Ziwa Nyasa shule za kusoma na kuandika zililetwa hasa na wamisionari wa Chama cha Universities' Mission to Central Africa. Chama hiki kilifika kwanza Magomero, kusini ya ziwa, mwaka 1861, kikashindwa kwa vita na maradhi, kikahamia Unguja mwaka 1864. Padre William Percival Johnson alifika Unguja mwaka 1876, na baadaye akaja ziwani, akakaa huku zaidi ya miaka 40, ijapokuwa macho yake yaliharibika sana. Alifariki Liuli mwaka 1928. Makao makuu ya misioni yaliwekwa kisiwani Likoma mwaka 1885, na kazi ya vijijini ikafanywa kwa meli. Meli kubwa, Chauncy Maples, ilitengenezwa Glasgow, ikaletwa vipande vipande, ikashushwa ziwani mwaka 1901. Ilikuwa kanisa, ilikuwa hospitali, na ilikuwa shule pia.

Meli huja na kuondoka. Aliyebaki kijijini ni mwalimu, tena peke yake. Shule ilikuwa kibanda cha miti na nyasi, au kivuli cha mti. Waliokuja kusoma walikuwa watoto wadogo, vijana wenye ndevu, na pengine watu wazima wenye watoto wao. Lugha nazo zilizidisha kazi. Vitabu vya misioni vilikuwa vya Kinyanja, na Johnson mwenyewe alifasiri Biblia katika lugha hiyo. Lakini katika Tanganyika chini ya Waingereza Kiswahili kikawa lugha ya shule, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya nchi za Afrika Mashariki ya kusanifisha lugha hiyo. Mwalimu wa namna hii angefanya nini, ila kumwita mkubwa aliyekwisha kufahamu awaeleze wadogo?

Njia hii ya mkubwa kumfundisha mdogo haikuwa ya huku kwetu peke yake. Ilifika mbali, ikapewa majina makubwa. Mwishoni mwa karne ya 18 Andrew Bell, kasisi wa Uskochi, alikuwa mkuu wa nyumba ya yatima huko Madras katika India. Aliwaona watoto wa nchi ile wakiandika herufi kwa kidole juu ya mchanga, akaichukua desturi hiyo, akawaweka wavulana wakubwa wawafundishe wadogo kuandika mchangani. Alichapisha habari zake London mwaka 1797. Joseph Lancaster, naye akiwa London, alifanya vivyo hivyo katika shule ya maskini, akisema mwalimu mmoja aweza kufundisha watoto 1,000, mradi wakubwa wawafundishe wadogo. Wakati huohuo, mwaka 1799, huko Stans katika Uswisi, Johann Heinrich Pestalozzi alikuwa peke yake na watoto kama 80 walioachwa yatima na maskini kwa vita. Alimketisha mtoto anayejua katikati ya wasiojua, naye akawaonyesha.

Msomaji atasema, basi jawabu limepatikana: mkubwa amfundishe mdogo. Ngoja kwanza. Shule za Lancaster zilisifiwa kwa miaka mingi, kisha zikaachwa. Watu waliona ya kuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, aliyefundishwa jambo asubuhi na kulifundisha mchana, hulirudia kama kasuku. Wadogo walipata kidogo, na yeye mwenyewe alipata kidogo zaidi, kwa maana saa zake za kusoma zililiwa na kazi ya kusomesha. Shule ilikuwa ya bei nafuu kwa sababu gharama yake ililipwa na mtoto mkubwa.

Waingereza walilitambua kosa hili, na mwaka 1846 Serikali yao iliweka sheria mpya. Mwanafunzi hodari aliyetimiza miaka 13 aliweza kuandikwa kuwa mwanafunzi-mwalimu kwa miaka mitano. Alisaidia kufundisha mchana, naye alilipwa paundi 10 mwaka wa kwanza, zikaongezwa hata 20 mwaka wa tano. Lakini sharti kubwa lilikuwa jingine: mwalimu mkuu alilazimika kumfundisha yeye mwenyewe saa moja na nusu kila siku, siku tano kila juma, nje ya saa za shule. Yaani mkubwa aliwapa wadogo saa zake, naye akarudishiwa saa yake. Deni lililipwa.

Nchi yetu imelijua jambo hili pia. Mwezi wa Novemba 1974, huko Musoma, chama cha TANU kiliazimia ya kwamba watoto wote wapate elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977. Walimu hawakutosha. Basi makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa wakafundishe. Hawakuachwa hivihivi: sehemu ya siku walifundisha, na sehemu nyingine walisoma wenyewe, kwa masomo ya posta na ya redio, chini ya mkufunzi, kwa muda wa miaka mitatu. Baadaye, kwa ajili ya watoto waliokosa shule kwa wakati wake, uliwekwa mpango uitwao MEMKWA, nao uligawa wanafunzi mafungu mawili tu, wa miaka 11 hata 13, na wa miaka 14 hata 18. Mtu anaweza kulaumu mengi katika mipango hiyo, lakini hakuna awezaye kusema kwamba wanafunzi wa umri mbalimbali ni jambo geni kwetu.

Sasa turudi katika ile nyumba yenye taa moja. Historia hii yatufundisha mambo manne.

La kwanza, liwepo jambo la wote pamoja, kama ile kazi ya usipa na mihogo. Hadithi moja yaweza kusomwa kwa watoto wote: mdogo atasimulia alichosikia, wa kati ataandika maneno matano, mkubwa ataandika ukurasa. Kupima shamba ni hesabu kwa wote: mdogo huhesabu hatua, mkubwa hutafuta eneo.

La pili, baada ya hapo kila mmoja awe na ubao wake, kama chuoni. Mzazi asitake wote wafike mahali pamoja siku moja. Amsikilize mmoja mmoja kwa zamu, hata kama ni kwa muda mfupi, na wengine wajue kazi yao wakati wa kungoja.

La tatu, kukosa vitu kusiwe udhuru wa kuacha. Walichokitumia watoto wa Madras, yaani mchanga, kimejaa ufukoni kwetu, wala hakinunuliwi.

La nne ndilo kubwa, nalo ndilo lililonifanya niandike. Mkubwa awasaidie wadogo, kwa kuwa kufundisha kwaweza kumfaa hata mwenye kufundisha. Walakini apewe saa yake. Tuseme kweli: katika nyumba zetu mkubwa huyo mara nyingi ni msichana. Ndiye achotaye maji alfajiri, ndiye ambebaye mtoto mgongoni, ndiye aoshaye vyombo, kisha twamwambia, “Wasomeshe wadogo zako.” Ikifika usiku taa huzimwa ili kubana mafuta, na kitabu chake hakijafunguliwa. Akishindwa mtihani, twasema hana akili. Hatusemi ya kuwa saa zake tulizigawa kwa wengine, wala hatukumrudishia hata moja.

Ikiwa mzazi hajui Kiingereza wala hesabu za sekondari, bado aweza kumpa mkubwa huyo kitu kimoja, nacho ni wakati. Amtume mwingine kisimani. Ambebe yeye mwenyewe yule mdogo. Amwachie taa kwa saa moja, awanyamazishe wengine, aketi karibu. Hiyo ndiyo saa na nusu ya mwaka 1846, na ndiyo sehemu ya siku waliyopewa vijana wa baada ya Musoma. Haitaki elimu, yataka haki tu.

Shule zilifunguliwa tena Juni 2020, na watoto wakaenda kila mmoja darasani mwake. Lakini jioni hurudi wote katika nyumba ileile, na kazi ya shule hutoka mkobani kwa wote saa moja. Basi kila mzazi, kabla hajazima taa, na ajiulize: wadogo wamefundishwa na mkubwa wao, je, yeye leo amefundishwa na nani?