Vulcan na Lemmy: Mbona 2015 bado inauma mafans wa rock na ndege za kitambo

Kama unajua Motörhead, unaijua ile "ndege" yao: mabomba ya alumini yamefungwa mataa, umbo la ndege ya vita, ikipanda na kushuka juu ya steji. Ilianza enzi za albamu ya Bomber, 1979.

Sasa 2015 ilikuwa noma. Agosti 22, jeti kuukuu aina ya Hawker Hunter iliangukia barabara huko Shoreham, Uingereza, kwenye maonyesho. Watu 11 walikufa. Mamlaka ya anga ikapiga marufuku sarakasi za jeti kama hizo juu ya nchi kavu.

Oktoba 28, Vulcan XH558, bomba la mwisho la aina yake kuruka, likapaa mara ya mwisho. Si eti lilikuwa limekufa. Kampuni zenye utaalamu wake zilijitoa, na bila hao hupewi kibali. Wazee wanaojua hizo mashine wanastaafu, buda, na vijana hawajafunzwa.

Novemba, Phil Taylor, aliyekuwa mpiga drams wa Motörhead, akatuacha. Desemba 28, Lemmy mwenyewe, miaka 70. Bendi ikaisha hapo hapo. Hakutafutwa wa kuziba pengo.

Ukifika Wellesbourne, Vulcan XM655 bado huwashwa. Kuruka, zii.