Mhabeshi aliyeiachia Ahmedabad nembo yake

Picha inayoutambulisha mji wa Ahmedabad, magharibi mwa India, ni ya dirisha la jiwe lililochongwa mti wenye matawi yaliyosokotana. Hata chuo cha biashara maarufu cha mji huo, kilichoanzishwa 1961, kilichota nembo yake humo. Dirisha ni la msikiti, na aliyeujenga msikiti huo ni Mwafrika: Sidi Saiyyed, mtu wa Uhabeshi.

Mgeni mwenye siku moja anaweza kuufikia kwa miguu. Tangu 1997 manispaa huongoza wageni asubuhi kutoka hekalu la Swaminarayan, Kalupur, lililojengwa 1822. Njia inapenya kwenye pol, mitaa myembamba, kila mmoja na lango lake, ambamo ukoo mmoja au watu wa kazi moja waliishi pamoja. Humo mna vichochoro vya siri vya kutokea mtaa wa pili, na nguzo za kulishia ndege. Matembezi huishia Msikiti wa Ijumaa wa mwaka 1424, kazi ya Sultani Ahmad Shah aliyeasisi mji 1411. Jirani ni Manek Chowk, soko la vito mchana na la vyakula usiku. Ukielekea magharibi, unapita chini ya matao matatu ya Teen Darwaza, kisha unafika kwa Sidi Saiyyed.

Wahabeshi walivushwa bahari wakiwa watumwa na askari, na katika jeshi la Gujarat, usultani wa eneo hilo, baadhi walipanda hadi ujemadari. Sidi Saiyyed alikuwa mfuasi wa jemadari mmoja Mhabeshi, Bilal Jhajar Khan. Msikiti ulijengwa 1572 hadi 1573, wakati uleule Akbar, mfalme wa Wamughal, alipoiteka Gujarat. Tao la katikati, palipotarajiwa dirisha jingine la namna hiyo, limezibwa kwa mawe matupu, labda kwa kuwa vita viliikatiza kazi. Baadaye Waingereza, walipotawala, waliugeuza msikiti kuwa ofisi ya serikali. Mwaka 2017 UNESCO iliutambua mji mkongwe kuwa Urithi wa Dunia, mji wa kwanza nchini India kutambuliwa hivyo.

Wazao wa Waafrika waliovushwa bahari, Wasidi, bado wapo, kwa mfano kijijini Jambur, karibu na msitu wa Gir wenye simba. Lugha yao ni Kigujarati, na ngoma wanazo. Pwani yetu imezoea kusimulia Wagujarati walioletwa Zanzibar na kaskazi. Kusi nayo ilipeleka watu, na mmoja wao ndiye aliyeupa mji wa Wagujarati sura unayojivunia.