Mcheza Kwao Hutunzwa? Ukumbi wa Busseto na Mtunzi Aliyekataa Kuuingia

Wahenga walinena: mcheza kwao hutunzwa. Katika makala haya mafupi tunaipima methali hiyo kwa kisa cha Busseto, mji mdogo wa mkoa wa Parma, kaskazini mwa Italia.

Mtunzi wa opera Giuseppe Verdi alizaliwa mwaka 1813 katika kijiji cha Roncole, karibu na Busseto. Mjini humo ndimo alimosomea muziki, na mfanyabiashara Antonio Barezzi alimsaidia kwenda kuendelea na masomo Milano. Alipopata umaarufu, wenyeji waliona kwamba anawiwa nao. Lakini wenyeji hao hao walikuwa wamemsengenya kwa kuishi na mwimbaji Giuseppina Strepponi kabla ya ndoa yao ya mwaka 1859. Jambo hilo Verdi hakulisahau.

Halmashauri ya mji ilipoamua kujenga ukumbi wa maonyesho ndani ya ngome ya zamani, Verdi alipinga. Kwake yeye, hiyo ilikuwa gharama kubwa isiyo na manufaa. Hata hivyo ujenzi uliendelea, na mwishowe alichangia lire 10,000. Ukumbi huo, wenye nafasi ya watu 300 hivi, ulipewa jina lake.

Ulifunguliwa tarehe 15 Agosti 1868 kwa opera yake Rigoletto. Wanawake walivaa magauni ya kijani na wanaume tai za kijani. Kwa nini kijani? Hapa sisi walimu wa lugha tuna la kujifunza: kwa Kiitaliano, verde ni kijani, na wingi wake ni verdi. Kivumishi hicho hubadilika kwa idadi, kama vile sisi tusemavyo mweusi na weusi. Mji mzima, basi, ulilivaa jina la mtunzi wake. Mwenyewe, ambaye nyumba yake ya Sant'Agata ilikuwa kilomita chache tu kutoka hapo, hakufika. Inasimuliwa kwamba hakuingia ukumbini humo hadi alipofariki mwaka 1901.

Mwaka 1913, miaka mia moja tangu Verdi azaliwe, Arturo Toscanini aliongoza opera zake humo humo.

Tunaona, basi, kwamba Busseto ulimtunza mwanawe, ila ulichelewa. Tunawaachia wanafunzi wetu swali la kujadili darasani: je, anayetunzwa analazimika kucheza kwao?