Barabara ya Mombo na Enzi ya Usambara

Watu wengi wasafirio kwa motokaa kutoka Tanga kwenda Moshi hupita Mombo bila kusimama. Huiona milima ya Usambara ikisimama upande wa kuume kama ukuta, huisifu kidogo, kisha huendelea na safari yao hadi Kilimanjaro, mlima ambao sifa zake zimeenea duniani kote. Leo twapenda kuwaongoza katika barabara iachayo njia kuu hapo Mombo na kupanda hadi Lushoto. Urefu wake ni maili 20 hivi tu, lakini hupanda futi 3,000 na zaidi. Uzuri wake kila mpitaji huuona kwa macho. Sisi twataka kueleza jambo lisiloonekana upesi, nalo ni hili: katika nchi hii aliyeshika njia ndiye aliyeshika enzi.

Washambaa huita makao yao ya milimani Shambaai, na tambarare iliyo chini huiita nyika. Zamani hapakuwa na barabara baina ya pande hizo mbili, ila vijia vya miguu katika magenge. Ukoo wa Wakilindi, ambao kwa masimulizi ya wazee ulianzishwa na Mbegha, mwindaji wa nguruwe aliyetoka Ngulu, ulitawala ukiwa huko juu, katika mji wa Vuga. Mfalme aliyesifiwa kuliko wote, Kimweri ye Nyumbai, aliketi Vuga, na kodi za nchi zikamfuata huko kwa vichwa vya watu. Hata wageni walimfuata. Krapf, mmisionari kutoka Mombasa, alifika kwake mwaka 1848 na tena mwaka 1852. Burton na Speke wakafika mwaka 1857. Wote walipanda kwa miguu. Siku zile mlima ulikuwa ndio bwana, na nyika ilikuwa mtumishi wake.

Lakini huko chini, kando ya mto Pangani, ilikuwako njia nyingine, njia ya misafara iliyotoka pwani na kwenda bara. Pembe za ndovu zilishuka kwa njia hiyo, na nguo, baruti na bunduki zilipanda. Semboja, mwana wa Kimweri, alikuwa na mji wake Mazinde, chini kabisa ya mlima, karibu na njia hiyo. Kimweri alipofariki mwaka 1862, ufalme wa Vuga ulimwangukia mjukuu wake, Shekulwavu. Huyo alirithi kiti na heshima, bali Semboja alikuwa na bunduki. Vita vilipotokea, Semboja alimshinda mfalme. Tena lililo la kustaajabisha ni kwamba hakuhamia Vuga. Alimweka mwanawe, Kimweri Maguvu, katika kiti cha wazee, naye mwenyewe akabaki Mazinde. Alijua kwamba nguvu za nchi zimekwisha shuka mlimani, zimekaa njiani. Habari za watu hawa ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi, aliyeishi katika siku zao, katika kitabu chake kiitwacho Habari za Wakilindi. Nasi twasema kila kijana asomaye afadhali akitafute.

Kisha wakaja Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi. Hao nao walianza na njia. Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905. Walipendezwa na baridi ya mlimani, wakafanya boma lao mahali walipopaita Wilhelmstal, ndipo hapa Lushoto, na barabara ikapasuliwa katika miamba ili kuliunganisha boma na reli. Mashamba ya walowezi yakahitaji watu wa kazi. Tangu mwaka 1907 kila mwanamume wa wilaya hii mwenye nguvu alipewa karata, naye alipaswa kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne. Asiyetimiza aliweza kukamatwa na kutiwa katika kazi za serikali. Basi tusiitazame barabara ya nchi hii kana kwamba ilichimbwa na mvua. Kazi ya serikali katika miaka ile ilikuwa jembe mkononi mwa mtu ambaye shamba lake mwenyewe lilikuwa likimngoja.

Mwezi wa Juni mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliushika mji, na baadaye jina la Wilhelmstal likaachwa, likabaki Lushoto. Barabara haikuachwa. Leo viazi, kabichi, na matunda ya milimani hushuka kwa barabara hiyo kwenda masokoni, hata Dar es Salaam; na mvua kubwa inapoangusha mawe na udongo, mkulima hungoja kwa hofu, maana mboga hazingoji.

Basi msafiri apandaye asiende mbio. Apoacha Mombo, hewa ya joto ataiacha nyuma kidogo kidogo, huku ukuta wa mwamba uko upande mmoja na korongo upande wa pili. Afikapo Soni atayaona maporomoko ya maji karibu na barabara, na njia panda iendayo Bumbuli. Na Vuga ya wafalme haiko mbali na hapo. Akisha kufika Lushoto, aendelee hadi genge la Irente, asimame mbali kidogo na ukingo, atazame chini. Nyika yote itakuwa miguuni pake, na hapo chini, kama kitu kilichoangushwa na mtoto, ataiona Mazinde.

Mgeni asiyejua habari ataona nyumba na mashamba tu. Nyinyi mliosikia mtaona jinsi enzi ilivyoshuka kutoka Vuga hadi mahali pale, ikapandishwa tena na wageni hadi Lushoto, na kila mara ilifuata njia. Wazee wenye kukumbuka masimulizi ya kazi za karata wanazidi kupungua. Twawaomba wanafunzi wa pande hizo waulize nyumbani ni nani katika ukoo wao aliyevunja mawe ya barabara, na jina lake waliandike.