Kipeuo na Mzizi: Istilahi Moja ya Aljebra katika Pande Mbili za Ziwa Tanganyika

Makala haya yanakusudia kuchunguza historia ya istilahi moja ndogo ya hesabu. Mtoto wa Kigoma hujifunza katika shule ya msingi kwamba kipeo cha pili cha 5 ni 25, na kwamba kipeuo cha pili cha 25 ni 5. Mwenziwe wa Zongwe, katika eneo la Kalemie, naye huzungumza Kiswahili nyumbani na sokoni, lakini dhana hiyo humfikia kwa Kifaransa: racine carrée, yaani mzizi wa mraba. Ziwa ni moja na lugha ni moja, istilahi haikuvuka.

Mzizi huo wa Kifaransa umetoka mbali. Al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu chake cha al-jabr mjini Baghdad yapata mwaka 820, aliiita namba inayotafutwa jidhr, yaani mzizi. Namba hiyo ikizidishwa kwa yenyewe aliiita mal, neno lilelile tulilo nalo sisi katika umbo la mali. Wafasiri wa karne ya 12, akiwemo Robert wa Chester mwaka 1145, walikifasiri kitabu hicho kwa Kilatini. Jidhr ikawa radix, na Wafaransa wakapata racine. Inashangaza kidogo kwamba Kiswahili, kilichopokea kutoka Kiarabu hesabu, thuluthi na hiyo mali yenyewe, hakikuufuata mzizi huu.

Kilifuata njia nyingine, na kwa maoni yangu njia hiyo ina faida. Kipeo kwa matumizi ya kawaida ni kikomo cha juu, kilele. Hesabu ikalichukua neno hilo kwa namba iliyopandishwa. Kipeuo kinatofautiana nacho kwa irabu moja tu, u, lakini mzungumzaji wa Kiswahili akiisikia irabu hiyo mahali hapo hukumbuka funga na fungua, ziba na zibua. Umbo lenyewe humwambia kwamba tendo la kwanza linarudishwa nyuma. Mzizi wa Waarabu na Wafaransa ni picha ya mmea. Kipeuo ni maelezo ya kazi inayofanyika.

Kwa nini basi Kalemie haikupata neno hilo? Jibu liko katika historia ya shule. Upande wa mashariki, Kamati ya Lugha ilianza kazi ya usanifishaji mwaka 1930. Mwaka 1967 Tanzania ilitangaza Elimu ya Kujitegemea na kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali, na vitabu vya hesabu vikahitaji istilahi bila kuchelewa. Upande wetu, wamisionari waliofika Mpala mwaka 1885 walikitumia Kiswahili katika mafundisho, lakini mwaka 1962 Kongo huru ilikifanya Kifaransa kuwa lugha ya kufundishia tangu shule ya msingi. Semina ya wanaisimu iliyokutana Lubumbashi mwaka 1974 ilizitetea lugha za taifa, na sheria ya elimu ya mwaka 2014 imezipa nafasi darasani. Nafasi hiyo, hata hivyo, ni ya madarasa ya mwanzo. Aljebra humkuta mwanafunzi akiwa amekwisha kuhamia Kifaransa.

Hasara yake haionekani katika kukokotoa. Mwanafunzi anaweza kuandika alama √, iliyochapwa na Christoff Rudolff mwaka 1525, na kupata jibu sahihi. Hasara huonekana anapotakiwa kueleza jinsi kitu kimoja kinavyobadilika kwa kufuata kingine. Tuchukue mfano wa ziwani. Mtu ambaye macho yake yako mita 4 juu ya maji huona hadi umbali wa kilomita 7 hivi. Akipanda hadi mita 16, kimo kimeongezeka mara nne, lakini haoni mara nne zaidi. Huona kilomita 14 hivi, mara mbili tu. Umbali hubadilika kwa uwiano na kipeuo cha pili cha kimo. Sentensi hii haina neno lolote ambalo kijana wa Zongwe hawezi kulimudu, isipokuwa hilo moja. Na hata hilo lina undugu na upeo wa macho, jambo ambalo mvuvi yeyote analielewa.

Hatusemi kwamba istilahi ya Dar es Salaam ichukuliwe kama ilivyo. Kipeo na kipeuo hukaribiana mno masikioni, na katika darasa lenye watoto wengi na kelele, tofauti ya irabu moja hupotea kwa urahisi. Mwalimu wa Kalemie atakayetamka kipeuo na papo hapo akaongeza kwamba ndio mzizi, ule wa racine, atakuwa amewapa wanafunzi wake maneno mawili, moja la kuelewa kazi na jingine la kuwavusha hadi kwenye kitabu cha Kifaransa walicho nacho mezani.