Mpendwa, Azizi, wa Thamani: Historia Fupi ya Maneno Matatu katika Tafsiri ya Biblia

Mwaka 1530, akiwa katika ngome ya Coburg, Martin Luther aliandika waraka wa kutetea tafsiri yake. Wengi huukumbuka kwa ajili ya neno "peke yake" katika Warumi 3:28. Hata hivyo, imfaayo zaidi mhubiri ni sehemu ihusuyo neno la Kijerumani "lieb". Malaika alimwita Danieli kwa jina ambalo Kilatini kililigeuza kuwa "mtu wa matamanio". Luther aliona kwamba hakuna Mjerumani asemaye hivyo, akatumia "lieb", yaani mpendwa. Tena alitilia shaka kama lugha nyingine ina neno liugusalo moyo kiasi hicho.

Je, Kiswahili kingemjibu nini? "Kupenda" ni neno la Kibantu, nalo ni pana mno: twapenda chai, na twampenda Mungu. Ndiyo maana maneno yenye asili ya Kiarabu yalikaribishwa. "Thamani" katika asili yake ni bei. "Azizi" na "enzi" ni ndugu wa mzizi mmoja, wenye maana ya nguvu na utukufu. Hivyo waimbaji wa taarabu wamwitapo mpenzi wao "laazizi" wako karibu na jina Mwenyezi kuliko wanavyodhani. Karl Roehl, ambaye Biblia yake ilitoka mwaka 1937, alijitahidi kupunguza maneno ya Kiarabu. Kwa habari ya maneno haya, kuyaondoa kungetupunguzia mengi.

Uzito wa jambo hili waonekana katika neno la Kiyunani "entimos". Katika 1 Petro 2:4 linahusu jiwe teule, na Union Version ya mwaka 1952 inasema habari ya heshima. Katika Luka 7:2 neno hilohilo lamhusu mtumwa wa akida, na hapo Union Version yasema kwamba akida alimpenda. Kiyunani chenyewe hakisemi hivyo waziwazi. Mtumwa aweza kuwa "entimos" kwa sababu ameheshimiwa, au kwa sababu ni mali ya gharama kubwa.

Hapa pwani yetu ina la kusema. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na kanisa kuu la Kianglikana likajengwa mahali pale. Katika mji huo Askofu Edward Steere alifanya kazi yake ya tafsiri. Mtu aliyewahi kusimamishwa sokoni na kutajiwa bei angesikia nini katika maneno "mtumwa wa thamani"? Angeuliza kama akida alimwombea mtu au fedha yake. Kwa hiyo naliunga mkono neno "kupenda" katika Luka, ingawa mhubiri ajue kwamba limefunga mlango ambao mwinjili aliuacha wazi.

Katika Isaya 43:4 hali ni nyingine. Kiebrania "yaqar" kimekuwa "thamani", nayo inafaa kabisa, kwa kuwa aya ya 3 imekwisha kutaja ukombozi: Misri yatolewa iwe fidia, na mlipaji ni Bwana mwenyewe.