Reli ya Uhuru na Mkulima wa Kamsamba

Ndugu wanachama, tunapoadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, yafaa tuikumbuke njia ya chuma iliyotufungulia mlango wa pwani. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walipojitangazia uhuru wao, Zambia ililazimika kutafuta njia nyingine ya kupitishia shaba yake. Mwaka 1967 Tanzania, Zambia na China zilitia sahihi mapatano. Ujenzi ukaanza mwaka 1970. Na mwaka 1976 reli ya kilomita 1,860, toka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikakabidhiwa.

Bondeni kwetu haikufika. Msafiri wa Kamsamba alipanda kwanza milima hadi Tunduma na gunia lake la mchele, ndipo aingie garini. Baridi ya Makambako, mahandaki ya kuteremkia Mlimba, ndizi zilizouzwa madirishani, wanyama wa Selous: hayo wazee wetu hawakuyasahau. Lakini kila mmoja aliuza peke yake, kwa bei aliyopangiwa na mnunuzi.

Funzo ndilo hilo. Gunia la mmoja ni mzigo wa abiria. Magunia ya wote ni behewa zima.